Doto Yoeli, Aliyeitunza Rekodi ya Kurwa (1979–2025)

Ndugu zetu mliofika Mkunya, mimi ni Pendo, mdogo wake marehemu. Familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, na imenionya nisilie kabla ya kumaliza.

Doto Yoeli Stefano alizaliwa hapa Mkunya, Wilaya ya Newala, tarehe 14 Aprili 1979, nyuma ya pacha wake Kurwa. Tangu siku hiyo hakuwahi kumtangulia kwa lolote. Kurwa alinawa kwanza, Kurwa akamega ugali kwanza, na Doto hakunung'unika. Ndivyo walivyolelewa.

Walisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1987 hadi 1993. Walipofaulu kwenda sekondari Newala, mjomba wetu Hamidu aliwaletea kutoka Mtwara gemu ya mkononi, ya kijivu, ya kutumia kaseti. Walicheza kwa zamu. Aliyepata alama nyingi aliandika jina lake, na gemu ikalitunza. Juu kabisa palisomeka KURWA, chini yake DOTO. Agosti 1996 Kurwa alifariki kwa malaria.

Baada ya msiba gemu iliota kutu ya betri, ikazima. Doto aliifungua, akaisafisha kwa siki na mswaki, ikawaka, na jina la Kurwa lilikuwepo. Hapo ndipo ulipompata ugonjwa wake wa kwanza, ule usio na dawa: gemu za zamani.

Alisomea umeme katika chuo cha ufundi Mtwara, na kuanzia mwaka 2001 alikuwa fundi wa pampu za maji Newala. Foleni ya maji ya Newala mnaijua wenyewe. Waliosubiri aliwapa gemu alizotengeneza wazijaribu, na Bi Esha, yupo hapa, alipitwa na zamu ya ndoo zake akiwa anapanga matofali kwenye kioo. Gemu zenye kioo cha giza alizitia taa; nyingine alizifungia betri za simu. Moja aliichongea gamba la mpingo, Mmakonde hakosi. Lilipendeza mno, ila lilikuwa zito kama mchi, na kila aliyecheza ilimbidi aiegemeze mezani.

Watu walimwuliza kwa nini, kwa uhodari wake, haivunji rekodi ya Kurwa. Kila alipoikaribia aliacha kucheza.

"Doto anampitaje Kurwa?" alisema, akitushangaa sisi.

Tarehe 28 Juni 2008 alifunga ndoa Masasi na Dominika Gasper, fundi cherehani, wakajaliwa Godwin na Agnesi. Mwaka 2012 walihamia Masasi moja kwa moja.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2019, na mwaka jana kikamnyang'anya macho. Wakati huohuo betri ndogo iliyomo ndani ya kaseti ilikuwa inakwisha, na ikifa, jina la Kurwa linafutika. Hilo lilimtesa kuliko macho. Kuibadilisha kunataka betri nyingine ishikizwe pembeni, kaseti isikose umeme hata kidogo. Zamani aliwahi kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Safari hii ilibidi aelekeze kwa mdomo, na mikono iwe ya mkewe. Nilikuwepo.

"Waya usiuachie, Mama Godwin."

"Baba Godwin, nimeshona shela za watu miaka yote hii, leo nishindwe na uzi wa shaba? Tulia."

Alipomaliza akaiwasha. Kaka hakuuliza kama imewaka. Aliuliza, "Yupo?"

"Yupo. Juu kabisa."

Tulilia sote watatu.

Alifariki hospitalini Masasi, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, mama yetu mzazi Mama Kurwa, mjomba Hamidu, na mimi. Gemu amemwachia Godwin aicheze apendavyo, kwa sharti moja: nafasi yake ni ya tatu.

Kaburi lake liko ubavuni mwa kaburi la pacha wake. Kurwa alitangulia, Doto amemfuata. Wapumzike kwa amani, wote wawili.