Ubao wa Mlangoni

Kaeni chini, na wewe Sirili usisimame mlangoni, unanizibia mwanga kama unavyowazibia wateja. Padri ameshanipaka mafuta, kazi yake imekwisha. Sasa nisikilizeni mimi baba yenu, wala asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja.

Kihamba hiki cha migomba na kahawa ni cha Wenseslaus, kitindamimba, kama desturi yetu ilivyo, ingawa najua kahawa ataipalilia kwa macho akiwa amelala chali. Linalowatoa udenda ni duka la Majengo. Mmeshaligawana huko nyuma ya banda la ng'ombe. Mimi ni mgonjwa, si kiziwi.

Duka lile nililifungua mwaka wa Uhuru, nikiwa mjinga kama nyinyi. Nilitundika kanga juu kabisa, karibu na dari, nikajiona mfanyabiashara, na miezi minne sikuuza hata doti moja. Basi nikamwachia mama yenu kaunta, nikaenda kukaa ng'ambo ya barabara kwenye benchi la fundi cherehani, juma zima, nikilitazama duka langu kama mtu baki. Akina mama walishuka kutoka mlimani na mikungu ya ndizi kichwani, wakasimama mlangoni, wakapokea chumvi, wakaenda zao. Wangeingiaje? Ukiutua mkungu, nani atakutwika tena? Na mwenye mzigo kichwani hatazami juu, shingo haimruhusu! Kumbe kanga zangu nilikuwa nawatandazia mijusi.

Nikapigilia ubao mpana nje, kando ya mlango, usawa wa kichwa, mtu ausukumie mzigo wake pale na kuuchukua mwenyewe bila kumwomba mtu. Kanga nikazishusha. Wakaanza kuingia mikono mitupu, wanapapasa vitambaa, wanacheka, wananunua. Ubao ule ndio uliowasomesha, mabwana wakubwa!

Sirili akarudi na cheti chake cha uhasibu. Siku ya kwanza tu akaung'oa, eti unatia aibu, akaweka wavu wa chuma na kaunta inayofika kidevuni, akajifungia humo na gazeti. Wateja walipohamia kwa jirani, akasema watu wa mlimani ni washamba. Mshamba ni wewe! Miaka sita umekaa mbele ya watu, hujamwona hata mmoja. Na usiniambie sukari na sabuni zimeadimika. Kwa jirani nako zimeadimika, mbona wanaingia?

Sasa, tangu nilale hapa nimefanya kazi yangu ileile, kuangalia wanaoingia. Siku tisa kikombe changu cha maji kimekaa dirishani, mkono wangu haufiki. Mkinikumbuka mnaninywesha, mkisahau nashinda na kiu. Sirili, wewe uliingia ukatazama sanduku langu la fedha. Wenseslaus ulikisogeza kikombe, ndiyo, ukakisogeza mbali zaidi, upate pa kuweka kofia yako. Fyuu! Jana akaja dada yenu Dominika, mnayemsimanga kwamba ameachika na amerudi juzi kula ndizi za baba. Alitazama mkono wangu, akatazama dirisha, akavuta kigoda hapa ubavuni, akakiweka kikombe juu yake.

Duka ni lake. Funguo anazo, na katekista ameshaandika, nimetia dole gumba. Msinililie kwamba mwanamke harithi. Kihamba ni cha ukoo, duka nimelijenga mimi.

Nizikeni kando ya mama yenu, jeneza la mbao za kawaida. Ubao wangu uko darini, Sirili. Kaupigilie wewe mwenyewe kabla matanga hayajaanuliwa, usawa wa kichwa cha mama aliyebeba, si usawa wa chako.

Dominika... nipe, nilowanishe ulimi. Sogea, mwanangu. Ptu! Pokea mate ya baba yako, baraka ya mzee hutemwa. Wanaoingia kwako... watoke wameridhika... warudi na wenzao. Mungu akulinde.

Nyinyi wawili... baraka yenu... mdomo umekauka tena... na kikombe hicho ni kitupu.

Naangalia... ni nani atakayeinuka.