Sekunde Kumi za Fundi Bisibisi

Tarehe 30 Juni, fundi wetu wa vifaa vya umeme anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na miwili. Jina lake la kwenye orodha ya watumishi wachache wanalijua. Kwetu ni Fundi Bisibisi, kwa ile bisibisi ndogo aliyoichomeka mfukoni mwa shati hata siku ya harusi ya binti yake.

Alianza na feni na pasi za chumba cha kufulia. Akapanda hadi kuwa mkuu wa karakana, cheo ambacho kwa miaka tisa kilimaanisha kujisimamia mwenyewe, maana hakuwa na mwenzake.

Mimi nilikuwa sista msimamizi wa wodi ya majeraha ya moto, na lipo jambo lisiposemwa leo halitasemwa tena.

Wafadhili walituletea vicheza-CD sita vya mkononi, watoto wasikilize nyimbo tukiwabadilishia bandeji. Alikuwepo msichana wa miaka saba aliyemwagikiwa maji yaliyochemka. Kila alipojirusha kwa maumivu, muziki ulikatika, na katika kimya kile alisikia bandeji ikibanduka. Mama yake alikikaripia kile kifaa kama mtu.

Nilimwita Fundi. Akakigeuza, akaona swichi ya kuzuia muziki kuruka imezimwa.

"Nani kazima hii?"

"Mimi. Inakula betri."

Hakunigombeza. Alivuta kiti.

"Sista, ukiiwasha, CD inazunguka haraka kuliko muziki unavyohitaji. Jicho la ndani linaloisoma CD linasoma mbele, linaweka akiba kwenye kumbukumbu, kama sekunde kumi. Sikio linalishwa na ile akiba. Mtoto akijirusha, jicho linapoteza mstari, lakini akiba inaendelea kuimba mpaka jicho lipate lilipoachia. Mtikisiko ukizidi sekunde kumi, akiba inakwisha. Kimya."

"Sasa nifanyeje?"

"Vuta bandeji kidogo, uache. Akiba ijae tena."

Kesho yake alikuja mwenyewe, akakishika kifaa juu ya sponji. Nilivuta nikihesabu hadi saba, nikaacha, nikavuta tena. Kazi ya dakika ishirini ikachukua saa nzima. Muziki haukukatika. Mtoto alilia, ila ule ukelele wa kila siku hatukuusikia. Ndipo nilipojua kwamba miaka kumi na mmoja nilikuwa navuta upesi upesi nikidhani ndiyo huruma.

Siku ya kumi na tisa tangu alazwe, maambukizi yaliingia kwenye damu ya msichana. Alifariki asubuhi, mama yake akiwa ametoka kwenda kuteka maji. Fundi alifika na betri mpya, akakuta kitanda kimeshatandikwa. Kisha akauliza nani anafuata, akaenda kuketi kando yake.

Alikuja hivyo kila asubuhi kwa miaka sita, hadi vifaa vikafa na spea zikakosekana. Watoto wengine walipona. Wengi hawakupona, naye aliwajua wote kwa nyimbo zao. Hakupewa cheti kwa kazi hiyo, wala hakukiulizia. Wauguzi vijana wa wodi ile bado huvuta na kuacha bila kujua nani aliwafundisha waliowafundisha. Sasa wamejua.

Ahsante sana, Fundi. Upumzishe mgongo, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na maisha ya nyumbani yawe mema kwako.