Tundu Lililozibwa Vizuri Mno

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MZEE: Mimi! Mwenye pikapu ya bluu.

FUNDI: Ah! Shikamoo, mzee wangu!

MZEE: Marahaba. Mbona unanong'ona?

FUNDI: Mimi? Hapana... niko na watu. Vipi, gari limependeza?

MZEE: Mno. Mlango ulikuwa umeliwa na kutu hata kuku angepita. Leo naupapasa, sijui tundu lilikuwa wapi.

FUNDI: Nilikwangua kutu yote, nikaweka kipande cha wavu, juu yake puti tabaka tatu. Ilipoganda nikapiga msasa mpaka—

MZEE: Fundi.

FUNDI: Naam.

MZEE: Lile tundu chini ya kitasa. Dogo, la kupita kidole.

FUNDI: Aa, hilo ndilo lililonitoa jasho! Nimeliziba—

MZEE: Hilo ndilo lililokuwa kitasa changu.

FUNDI: Sijakusikia vizuri, mzee.

MZEE: Umenisikia. Kitasa cha nje kilikufa zamani, cha ndani kikakifuata. Mwaka wa sita huu nashusha kioo, natoa mkono nje, naingiza kidole tunduni, navuta waya. Mlango huo, wazi.

FUNDI: Mama yangu! Na mimi jana nilipokurudishia gari niliuacha wazi ili rangi ikauke...

MZEE: Na mimi leo nikaingia kujaribu kiti, nikaubamiza.

FUNDI: Uko ndani?

MZEE: Saa nzima sasa! Na upande wa pili umeniegeshea ukutani, hata mjusi hapiti.

FUNDI: Basi pita dirishani—

MZEE: Na kiuno hiki? Nitoke kichwa chini miguu juu, na nguo za wageni? Leo kuna kijana anakuja kumposa binti yangu. Jina lake sijaambiwa, kazi yake sijaambiwa. Nikiuliza, mke wangu anacheka tu.

FUNDI: [anakohoa] Si umwite mama aku—

MZEE: Nimwite nani? Mwanamke aliyenisihi miaka sita ninunue kitasa? Thubutu!

FUNDI: Tulia, mzee, niko njiani nakuja.

MZEE: Njiani? Mbona sijakuita bado?

FUNDI: [mkwaruzo] Haloo? Mzee? Inakata—

MZEE: Haikati! Sikiliza. Saa nzima nimetoa mkono dirishani naupapasa mlango huu. Pikapu kuukuu haisuguliwi hivi, fundi. Hii ni kazi ya mtu mwenye shida yake.

FUNDI: Mimi kila kazi naifanya kwa moyo—

MZEE: Nakuona.

FUNDI: Eh?

MZEE: Kwenye kioo cha pembeni. Uko getini, umevaa suti. Hao uliofuatana nao ni nani?

FUNDI: Mjomba na shangazi.

MZEE: Ahaa.

FUNDI: Mzee, naomba radhi. Nilitaka kukuambia, nikaogopa. Nampenda binti yako, na usingizi sina wiki ya—

MZEE: Bisibisi unayo?

FUNDI: Eh... ninayo. Mfuko wa ndani.

MZEE: Na suti yote hiyo! Hapo umenifurahisha. Waache wako waingie kwa mama, wewe njoo huku, utoboe pale pale.

FUNDI: Niitoboe puti yangu? Mzee, shangazi nimemleta auone mlango ule! Ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote!

MZEE: Chagua. Mlango au mke?

FUNDI: Nitoboe tundu kubwa au dogo?

MZEE: La kidole tu. Na kitasa utaniletea ukishakuwa mkwe. Upesi, mke wangu anafungua mlango wa nyumba, na salio langu—

FUNDI: Nakuja! Hodi, mzee!

MZEE: Karibu, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.