Afande Aliyeomba Kulala Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii ukungu umeifunika Kitale mpaka hapa studioni hatuioni barabara. Ni asubuhi ya kusema polepole. Basi sogeza kiti, kama chai iko karibu mimina. Leo tunamkumbuka Inspekta Nehemiah Sitati, mzaliwa wa Bungoma, polisi mstaafu, mume wa Jerop, baba yake Vivian. Alizikwa Jumamosi. Nitawaambia alizikwa wapi, lakini si sasa, kwa sababu mahali penyewe ndipo palipoleta maneno.

Nehemiah alikuwa Mbukusu wa ulimi wa nyumbani. L na R zilibadilishana viti mdomoni mwake zipendavyo. Akiwa kijana, sare bado mpya, alipelekwa Cheptais, akamwona msichana anauza viazi sokoni. Akamuuliza jina. "Jerop," msichana akajibu. "Jelop," akarudia yeye. Msichana alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Jerop mwenyewe ameniambia: "Nilimrekebisha mwaka mzima, bana. Nikachoka, nikaolewa."

Dunia nzima ilimwita Jerop. Mtu mmoja tu alimwita Jelop.

Kazi ilimpeleka Suam, mpakani. Wafanyabiashara wa huko wanamkumbuka kwa maneno machache sana. Wakigombana mbele yake, hakukimbilia pingu. Aliwatazama tu, kisha akasema: "Endeni mrare kwanza. Kesho mkiwa bado na hasira, kujeni." Wengi hawakurudi. Hata Vivian alipomwambia anataka kuolewa na Kipkosgei, baba alivua kofia, akasema, "Nirare kwanza." Akalala. Asubuhi akakubali. Vivian anasema yeye ndiye hakupata usingizi.

Alipostaafu alinunua shamba. Wapi? Kwanza, wasikilizaji. Kwanza yetu hii ya Trans-Nzoia, Kwanza ya mahindi. Mnaona mambo yanakoelekea?

Mwaka huu aliugua. Akalazwa hospitalini Bungoma, karibu na dada yake mkubwa, Bilha. Siku ya mwisho, mchana, jua lilikuwa limeingia dirishani mpaka kitandani. Jerop alimshika mkono upande huu, Bilha upande ule. Akafungua macho, akasema, "Nirare kwanza." Akayafumba. Hakuyafungua tena.

Sasa hilo neno nilisomeje? Redioni hakuna herufi kubwa. Jerop alisikia mume anaomba alazwe kaburini shambani kwake, Kwanza. Bilha alisikia mtu mchovu anaomba usingizi.

"Huyo arikuwa anasema hivyo tangu utoto," Bilha akasema. "Ati akitumwa maji, nirare kwanza. Sasa mtanipokonya ndugu yangu juu ya usingizi? Atazikwa kwetu, kando ya mama."

Na Jerop, mtoto wa Cheptais aliyeolewa tu katika ukoo huo, angebishana vipi na dada wa marehemu? Kama mume angezikwa Bungoma, yeye angerudi Kwanza peke yake, yeye na mahindi. Hilo ndilo lililomuuma. Mimi pia lingeniuma.

Bilha akaja Kwanza kuchukua suti ya maziko. Vivian alikuwepo. Anasema ukungu ulikuwa bado chini, kama leo, mahindi yanaonekana vichwa tu, na shangazi anatembea ndani yake kama mtu aliye ndotoni. Akazunguka nyuma ya jikoni. Akasimama.

Migomba. Ile mifupi yenye shina jekundu, ya boma la mama yao kule Bungoma. Mama alipofariki, Nehemiah aling'oa machipukizi, akaja kuyapanda huku bila kumwambia mtu wa kwao. Katikati ya migomba hiyo aliweka viti viwili, chake na cha mkewe.

Bilha akaketi kwenye kimoja. Akavuta jani, akalinusa.  Kisha akaita kuelekea jikoni. Miaka yote Bilha alimwita wifi yake Mama Vivian, lakini siku hiyo alimwita kwa jina, na ulimi ni ule ule wa nyumba moja.

"Jelop! Kuja hapa, Jelop."

Sufuria ilianguka. Jerop alitoka mbio, akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Alidhani jina hilo hatalisikia tena duniani.

"Keti," Bilha akamwambia, machozi yakimtoka. "Si mama mwenyewe yuko huku, na hamkuniambia? Ndugu yangu arare Kwanza."

Hapo ndipo alipozikwa Jumamosi, wasikilizaji wapendwa. Kwanza, kando ya migomba.

Pole kwako Mama Jerop. Pole Vivian na Kipkosgei, pole Bilha na ukoo wote wa Bungoma. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anayekosea jina lako kila siku, leo usimrekebishe. Mwache aite. Itika.

Nawe Afande Sitati, kazi imeisha. Rara Kwanza.