Kinyozi Aaga Chumba cha Sarafu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kutazama sarafu za zamani za fedha na kuzipangia daraja, mkubwa wetu wa chumba cha sarafu anastaafu. Wateja humwita Mama. Sisi tunamwita Kinyozi, na mgeni akisikia humtazama mikono akitafuta wembe.

Jina lilimpata mwaka wake wa kwanza. Msimamizi wake alikuwa safarini, naye kwa moyo mweupe akataka kumfurahisha. Akachukua trei nzima ya sarafu nyeusi, akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikameta kama sufuria jipya. Mzee yule aliporudi hakufoka. Aliketi taratibu, akavua miwani, akasema, “Binti yangu, hawa walikuwa wazee na heshima zao. Wewe umewanyoa ndevu.” Maana weusi ule si uchafu. Ni ngozi ambayo fedha hujiotesha yenyewe miaka nenda miaka rudi, na ukiisugua, daraja nalo linaondoka. Kazi hakufukuzwa. Jina ndilo lililobaki, na aliyelicheka zaidi ni yeye mwenyewe.

Kumtazama akiwa kazini kulileta usingizi, ule mtamu wa mchana. Aliishika sarafu kwa ukingo tu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Akaiinamisha kidogo chini ya taa, na mwanga ukaizunguka polepole kama paka anayetafuta pa kujilaza. Mwanga ukizunguka bila kukwama, sarafu haijapita mikono mingi. Ukikatika kwenye shavu la sura iliyochongwa, au kwenye nywele juu ya sikio, hapo palipoinuka, basi vidole na mifuko ya watu imekwisha kupalamba. Nje magari yanapiga honi, mlangoni mtu anauliza choo kiko wapi, na yeye yuko mbali, ndani ya uso mdogo wa mfalme asiyejulikana.

Mmoja wetu aliporudi kazini baada ya kujifungua, akawa anazipa sarafu zote daraja la chini. Kinyozi alimwondolea trei mbele yake bila maneno mengi. “Macho yaliyokesha huona kila kitu kimechakaa,” alimwambia. “Nenda kalale kule nyuma. Hizi zimesubiri miaka mia, zitasubiri na leo.” Sarafu zilisubiri.

Ila tutakalomkumbukia sana ni la mwezi jana. Walikuja seremala mmoja na dada yake mshonaji. Marehemu baba yao aliwaachia sarafu mbili za mwaka mmoja, kila mtu yake. Sasa ya kaka ilikuwa nyeusi, ya dada nyeupe, na duka fulani liliwaambia ya kaka ina daraja la juu zaidi. Dada akaamini kaka alijichagulia iliyo nzuri kabla ya kugawana. Tangu hapo hawasemeshani. Waliketi benchi moja, huyu mwisho huu, huyu mwisho ule, wakisubiri waambiwe nani mwongo.

Kinyozi alizitazama kwa taa, kisha kwa kioo cha kukuzia. Mashavu yalikuwa yamelika sawasawa, na nywele vilevile. Lakini ya dada ilikuwa na weusi uliojificha kwenye vipembe vya herufi, na usoni mikwaruzo myembamba kama alama za ufagio uani.

“Zilikuwa sawa,” akasema. “Kaka yako hakuchagua. Yako imesuguliwa.”

 Dada akasema kwa sauti ndogo kwamba aliiosha mwenyewe, wiki ya mazishi, kwa kuwa hakutaka kitu cha baba kikae na uchafu. Kinyozi akamsimulia ile trei yake, bila kuficha hata ndimu.

Kaka akainuka. “Basi nipeni majivu. Nami nioshe yangu, tulingane.”

Kinyozi aliifunika sarafu kwa kiganja. “Thubutu. Huyu ameoga, huyu bado, na wote ni wa baba mmoja. Iache.”

Dada akacheka, machozi yakiwa bado njiani. Neno la kwanza alilomwambia kaka yake lilikuwa kumuuliza kama ameshakula. Wakatoka pamoja. Kadi za daraja hatukuwaandikia. Hawakuziomba.

Mama, asante. Uongozi umependekeza uwe unapita kututazamia zile ngumu. Sisi wa chumbani tumesema hapana, aachwe apumzike. Tutakosea, tutajifunza, na wewe karibu siku yoyote, lakini kwa chai tu. Tunakuombea asubuhi ndefu, afya njema, na nyumba yenye watu wanaoulizana kama wamekula.