Kibandiko cha Laptop ya Noela

Pale Ushirombo, jirani na stendi, kuna benchi la mbao mbele ya kibanda cha fundi simu. Mguu wake mmoja umelegea, lakini wenyewe hawalihami, maana hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri, na Abdulshakur muuza kahawa hapiti bila kutua birika lake. Siku hiyo, saa nane na nusu mchana, walikuwepo Pantaleo, mchimbaji mstaafu ambaye wote humwita Duara, na Gelasius fundi pikipiki, ambaye alijipa mwenyewe jina la Injinia na watu wakachoka kumkatalia. Katikati yao alibanwa Noela, laptop mapajani, uso umemkunjamana. Ikifika saa kumi alitakiwa awe ametuma picha ya kioo cha kompyuta kuonyesha kwamba ameweka Node, programu ambayo bila hiyo mafunzo ya kutengeneza mifumo kule Kahama hayaanzi. Asiyetuma, nafasi yake anapewa mwingine. Mwaka jana aliikosa nafasi hiyo kwa sababu hakuwa na kompyuta. Mwaka huu anayo, ya mtumba, na alikuwa ameapa kwamba hakosi tena.

Mkufunzi wao, Raudha, aliwaandikia vizuri tu. Kila kompyuta ina wakala wake wa kuleta programu. Unampa amri, anakwenda kukuchukulia. Akatuma mistari mitatu: wa kwanza wa Windows, wa pili wa Mac, wa tatu wa Linux. Chagua wako. Noela alichagua wa kwanza.

— Imekataa tena, alisema. Inasema haimjui huyo wakala, winget.

— Umeandika kama alivyoandika mwalimu? aliuliza Injinia.

— Herufi kwa herufi. Mara nne.

— Basi andika kwa herufi kubwa. Mashine za mtumba hazisikii vizuri.

Noela akaandika kwa herufi kubwa. Ikakataa vilevile.

— Mnaisumbua bure, alisema Duara. Mashine hiyo imenunuliwa Kahama. Imekaa karibu na madini. Zebaki imeshaingia kwenye waya.

— Zebaki kwenye laptop, Duara?

— Mimi nimekaa chini ya ardhi miaka kumi na tisa, bwana. Nimeona simu ikiita yenyewe shimoni, na mtandao hakuna.

— Alikuwa anapiga nani? aliuliza Abdulshakur huku akimimina.

— Sikupokea.

Injinia akavuta laptop kidogo upande wake, akaikagua kama anavyokagua pikipiki iliyogongwa.

— Shemeji yangu wa Mwanza ana Mac. Ina rangi ya fedha, kama hii hii. Jaribu mstari wa pili.

— Injinia, kibandiko hiki hapa kinasema Windows.

— Wewe jaribu.

Noela akajaribu mstari wa pili. Huyo wakala wa Mac naye hakujulikana. Saa tisa na robo.

— Basi nimeelewa, alisema Injinia bila aibu yoyote. Tatizo ni dhahabu. Ukanda wote huu una dhahabu chini, na dhahabu inavuta mawimbi. Hiyo Node inatoka Ulaya vizuri, ikifika hapa inavutwa ardhini.

— Kwa hiyo nikichimba naipata? aliuliza Duara, na uso wake ulionyesha kwamba anauliza kweli.

— Mimi nadhani imelala njiani, alisema Abdulshakur. Safari yenyewe ndefu.

Wakacheka. Noela hakucheka. Kusema kweli alitaka kulia, ila kulia mbele ya Duara ni kumpa hadithi ya mwezi mzima. Akaandika mstari wa kwanza mara ya tano, taratibu, akiutamka kimoyomoyo.

Hapo ndipo alipofika Bernadina, Mama Wema, anayeokota mawe kwenye vifusi vya mgodini na kuyapeleka kusagwa kwenye karasha. Akatua kiroba chake kando ya benchi kwa kishindo.

— Shikamoo Mama Wema, alisema Noela, na macho akayarudisha haraka kwenye kioo.

— Marahaba, mayu, alijibu, akimwita ‘mama’ kwa Kisukuma.

Noela alikuwa karani wa karasha hilo, na kila akimwona mama huyu moyo ulimshuka. Mwaka jana mvua ililowanisha daftari lake, majina yakafutika, na kiroba cha Bernadina cha wiki nzima kikachanganyika na vya watu, kisionekane tena. Bernadina hakumtukana. Angemtukana ingekuwa afadhali. Ndiyo maana Noela aliyataka mafunzo haya: atengeneze daftari ambalo mvua hailifikii.

— Mnagombania nini? aliuliza Bernadina.

— Laptop imeandikwa Windows, halafu inakataa amri ya Windows, alieleza Injinia.

— Imeandikwa wapi?

— Si hapa juu, kwenye kibandiko!

Bernadina akakitazama kibandiko. Akakitazama na kiroba chake, kilichoandikwa mbolea kwa herufi kubwa za kijani, na ndani kimejaa mawe.

— Na ndani ameangalia nani?

Duara akachungulia kikombe chake. Injinia akakohoa. Abdulshakur akainamisha birika apate la kufanya, lakini kahawa ilikuwa imekwisha.

Noela akafungua menyu, akatafuta taarifa za mfumo. Linux Mint, si Windows. Muuzaji alibadilisha kila kitu ndani, kibandiko akakiacha palepale.

— Ni mstari wa tatu, alisema. Wakala wake ni apt.

Akaandika. Kompyuta ikaomba nywila. Akabonyeza, na hakikuonekana kitu.

— Kibodi imekufa! alipiga kelele Duara. Niliwaambia zebaki!

— Haijafa. Raudha alisema haionekani, lakini inaingia. Nyamazeni.

Akamalizia nywila herufi kwa herufi. Akabonyeza. Mistari ikaanza kushuka kiooni, mingi, na benchi zima likaisindikiza kwa macho. Ilipotulia, Noela akaiuliza Node toleo lake, nayo ikajibu: v18.19.1. Akapiga picha, akatuma saa kumi kasoro dakika sita. Jibu likaja kabla hajashusha pumzi: *Imepokelewa. Tuonane Jumatatu.*

— Si nilisema tatizo ni mashine yenyewe, alisema Injinia.

Bernadina alikuwa ameinama kwa Noela.

— Sasa ukishajifunza huko, mayu, kile kiroba changu cha mwaka jana kitaonekana?

Benchi lilikuwa na majibu ya zebaki, ya dhahabu, hata ya simu inayoita shimoni. Hili lilikuwa la Noela peke yake. Wote wakamtazama, naye akayatoa macho kwenye kioo, akamwangalia Bernadina.

— Hapana, Mama Wema. Kile nilikipoteza mimi. Nisamehe.

Hakuwahi kulisema. Bernadina akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesubiri sana.

— Na hiki?

Noela akafunga laptop, akaitia begini, akalivaa mgongoni. Kisha akashika ncha moja ya kiroba.

— Hiki nakipeleka karashani na wewe. Shika huko.