Meno ya Mzee Khoo Kwenye Pipa la Makombo

Kona yetu ya Wanhua ina benchi moja, mbele ya kibanda cha supu ya tambi cha Mama A-Kim. Jioni tunakaa hapo na chai ya barafu, kila mtu kapakata mfuko wake, maana Taipei taka haiachwi barabarani; unaikabidhi kwa lori linapopita likipiga wimbo. Siku hiyo kimbunga kilikuwa kimepita asubuhi baada ya kutufungia ndani siku mbili, na Mzee Khoo akaja hana meno. Mchana aliyavua ale tambi, akayafunga kwenye tishu, akayasahau kwenye bakuli. A-Kim akamwaga yote kwenye pipa la makombo ya kulishia nguruwe. Na kesho binti wa mzee anaolewa, baba ndiye wa kutoa hotuba.

— Mwaga pipa, mama, — akasema Mzee Khoo, midomo imezama ndani.

— Nimwage wapi? Faini utalipa wewe?

— Basi ingiza mkono.

— Mkono huu ndio unakupikia. Ingiza wako.

Mzee akachungulia pipa, akarudi kukaa.

Akadakia Lim, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kupaka rangi ofisi ya mainjinia:

— Tulia, mzee. Mji huu haupotezi kitu. Chupa inakuwa jezi, majivu yanakuwa matofali. Meno yako yako mzungukoni tu.

— Mzunguko gani?

— Nguruwe anayameza. Nguruwe anakuwa soseji. Soseji inarudi hapa kwa A-Kim. Unauma, unayakuta.

— Nitauma na nini?

— Unamumunya.

— Wala hatayameza, — akasema A-Kim. — Atayavaa. Atatafuna vizuri, atanenepa, na mwenye shamba ataagiza meno mji mzima.

— Halmashauri itatuongezea ndoo ya makombo, — akasema Injinia. — Ya mabichi tunayo, ya yaliyopikwa tunayo, sasa ya meno.

— Jamani, mwanangu hana mama, — akasema Mzee Khoo taratibu. — Kesho nitasimama pale nimwaibishe?

Nilimwonea huruma kweli.

— Vijana wa lori wana koleo ndefu, — nikasema. — Tuwasubiri wao.

Wazo likapendwa sana. Chai ikaisha, lori kimya. Akatokea mpangaji mpya wa ghorofa ya tatu, Bi Chiu, mikono mitupu. Akatutazama sisi na mifuko yetu.

— Samahani, leo si Jumatano?

Jumatano lori halipiti. Kimbunga kilikuwa kimetuvurugia siku.

Mzee Khoo akavua saa, akakunja mkono wa shati hadi begani. A-Kim akamtazama, akashusha pumzi, akavua bangili yake.

— Wewe upande huo, mimi huu. Na wewe Injinia, kunja shati. Mzunguko unaanzia humu.

Injinia akainua kikombe chake anywe kwanza, lakini kilikuwa kitupu.